Wiki sita kabla ya mtihani wa historia ya dunia: kijana afunge kitabu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu. Tumetoka Uvira, tukakaa kambini Nyarugusu miaka tisa, sasa tuko Ohio. Kijana wangu mkubwa ana miaka 16, yuko darasa la kumi, na shuleni wamemwingiza kwenye somo la AP World History, yaani historia ya dunia ya kiwango cha chuo. Mtihani ni Mei, zimebaki wiki sita. Anakesha na kitabu mpaka saa saba usiku, kila ukurasa ameupaka rangi ya njano, lakini jaribio la juzi amepata 2. Mimi niliishia darasa la sita, na Kiingereza changu ni cha kazini tu. Nafanya kazi ghalani, naingia saa tatu usiku. Naomba ratiba ya kila siku. Na uniambie kama kuna chochote ninachoweza kufanya mimi mwenyewe, au nitafute hela nimlipie mwalimu wa pembeni.

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole na kazi za usiku.

Nianze na hilo la mwisho. Hela za mwalimu zikae kwanza. Mtoto aliyepata 2 na ana wiki sita mkononi hahitaji mtu wa kumwongezea maelezo. Maelezo anayo mengi mno, ndiyo hayo yaliyopakwa njano. Anachokosa ni mtu wa kumwambia: funga kitabu, haya nisimulie. Mtu huyo ni wewe, na huko mbele utaona kwa nini naamini utaifanya kazi hiyo kuliko mimi.

Kwanza tuujue mtihani wenyewe, maana watoto wengi wanaingia vitani bila kujua adui ana silaha gani. Unachukua saa tatu na robo, na unafanywa kwenye kompyuta. Unaanza na maswali 55 ya kuchagua jibu, dakika 55, ambayo yana asilimia 40 ya alama. Yanafuata maswali matatu ya majibu mafupi, dakika 40, asilimia 20. Halafu insha mbili. Ya kwanza anapewa nyaraka saba na kutakiwa ajenge hoja kutokana nazo: dakika 60, kati yake 15 ni za kusoma tu, na ina asilimia 25. Ya pili anachagua swali moja kati ya matatu na kuandika kutoka kichwani, dakika 40, asilimia 15. Matokeo yanatoka kwa namba, 1 hadi 5, na 3 ndiyo inayohesabiwa kuwa amefaulu.

Sasa piga hesabu. Asilimia 60 ya mtihani huu ni kuandika. Hata yale maswali 55 ya kuchagua hayamuulizi fulani alizaliwa mwaka gani. Anawekewa kipande cha andiko la zamani, au ramani, au jedwali, kisha anaulizwa kinaonyesha nini na kimetokana na nini. Kijana wako anapokesha akisoma anafanya zoezi ambalo mtihani hauliulizi popote.

Kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya, tena nikiwa mwalimu. Miaka yangu ya kwanza nilifundisha sekondari moja mkoani Morogoro. Nilikuwa najaza ubao kwa notisi kuanzia kengele hadi kengele, wanafunzi wananakili, halafu usiku wanakremu. Ukiwauliza sababu sita za jambo, wanakutajia sita kwa mpangilio niliowapa, hata vituo vyangu vya kupumua wanavifuata. Ukaja mtihani wa mock, swali likataka walinganishe kuungana kwa Italia na kuungana kwa Ujerumani. Darasa karibu zima likaandika sababu za kuungana kwa Ujerumani, moja hadi sita. Nilisahihisha madaftari yale nikiwa na aibu, maana kila nilipotia kosa nilikuwa najitilia mwenyewe.

Ile rangi ya njano ina udanganyifu wake. Jicho likipita mara ya tatu kwenye ukurasa uleule, akili inauzoea na kusema, hili nalijua. Imezoea sura ya ukurasa tu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Wengine wakayarudia kuyasoma, wengine wakafunga na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliofunga na kuandika ndio waliobaki na kitu. Mtihani wa Mei ni huo wa baada ya wiki, wala si huo wa dakika tano. Kwa hiyo hiyo kalamu ya njano mnyang'anye leo.

Tuje kwenye siku yenyewe. Nimeipanga kwa kufuata saa zako za kazi. Anarudi shule saa tisa na nusu alasiri. Ale, alale kidogo akitaka, acheze na wadogo zake. Saa kumi na moja kamili akae mezani, na simu ikae jikoni kwako, si kifudifudi pembeni yake. Anamaliza saa kumi na mbili na robo. Hiyo ni saa moja na robo kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Najua inaonekana ndogo kwa mtoto anayekesha mpaka saa saba, lakini hakuna ubongo wa miaka 16 unaoshika kitu saa saba ya usiku ilhali basi la shule linampitia alfajiri. Saa nne awe kitandani. Hili la usingizi sikubembelezi, ni sehemu ya ratiba kama mengine.

Dakika kumi za kwanza ni karatasi tupu. Kitabu kimefungwa, anaandika yote anayokumbuka ya jana. Ataumia siku tatu za mwanzo, ataandika mistari minne na kukuambia hajui kitu. Mwache. Maumivu hayo ndiyo kusoma kwenyewe. Kisha dakika thelathini za mada mpya, kurasa chache, akitafuta mambo mawili tu: nini kilibadilika, na nini kilibaki vilevile. Kisha dakika ishirini na tano za kuandika jibu la swali moja, kwa saa iliyotegwa. Maswali ya insha na ya majibu mafupi ya miaka iliyopita yapo bure kwenye tovuti ya College Board, wenye mtihani, pamoja na miongozo ya kusahihishia. Masomo ya video yapo bure Khan Academy. Dakika kumi za mwisho anajisahihisha kwa wino mwingine akitumia mwongozo huohuo, na anaandika chini ya jibu sentensi moja: nimekosa alama hii kwa sababu gani. Sentensi hizo atazihitaji wiki ya sita, kwa hiyo ziwe kwenye daftari moja lisilopotea.

Halafu mnakula, na hapo ndipo kazi yako inaanza. Akusimulie kwa Kiswahili alichosoma leo, dakika kumi, huku unamenya viazi au unamsuka mdogo wake. Kwa nini Kiswahili? Kwa Kiingereza mtoto anaweza kujificha nyuma ya neno. Akisema "mercantilism" mwalimu anatikisa kichwa na maisha yanaendelea. Kwako neno hilo halifiki popote, kwa hiyo itabidi akuambie kwamba wafalme wa Ulaya walitaka dhahabu na fedha ziingie nchini mwao nyingi kuliko zilizotoka, ndiyo maana makoloni yakakatazwa kununua kwa mwingine. Akiweza kukueleza hivyo, ameelewa. Akianza kusema "yaani ni kama vile… sijui kwa Kiswahili wanasemaje", hajaelewa, arudi kitabuni kesho. Mimi nilisomea haya mambo, kwa hiyo huwa namsaidia mwanafunzi kumalizia sentensi bila kujijua. Wewe huwezi kumsaidia kumalizia, na hiyo ndiyo faida yako.

Una maswali matatu tu ya kumuuliza kila jioni. Kwa nini ilitokea? Kabla ya hapo ilikuwaje? Na kwingine nako ilikuwa hivyohivyo? Huyaoni makubwa, lakini wenye mtihani huu wamejenga karibu kila swali la insha juu ya hayo matatu: sababu, mabadiliko, ulinganifu. Mtoto aliyejibu maswali hayo mezani jioni thelathini hashtuki akiyakuta kwenye kompyuta.

Wiki zenyewe zisigawanywe sawasawa, maana mtihani nao haukugawanya sawasawa. Somo lina mada tisa, kuanzia mwaka 1200 hadi leo. Mada mbili za kwanza, 1200 hadi 1450, zina asilimia 8 hadi 10 kila moja. Nne za katikati, 1450 hadi 1900, zina asilimia 12 hadi 15 kila moja, yaani hapo ndipo ilipo nusu ya mtihani au zaidi. Tatu za mwisho, tangu 1900, zinarudi kwenye 8 hadi 10. Nimewaona watoto wengi wanaomjua Genghis Khan mpaka farasi wake, halafu Vita Baridi wanaijua kwa jina. Wameanza mwanzo na nguvu zote, na nguvu zikaishia karne ya 15.

Kwa hiyo wiki ya kwanza aimalize yote ya 1200 hadi 1450 bila kubembeleza: Wachina wa enzi ya Song, Wamongolia walioiteketeza Baghdad mwaka 1258, hija ya Mansa Musa, mfalme wa Mali, mwaka 1324, tauni iliyoingia Ulaya mwaka 1347, na biashara ya Bahari ya Hindi. Wiki ya pili ni 1450 hadi 1750, ya tatu ni 1750 hadi 1900. Hizi mbili ndizo za kumkazania. Ukiombwa zamu ya ziada kazini, ikubali wiki nyingine. Ya nne ni tangu 1900: vita viwili vya dunia, Vita Baridi, uhuru wa makoloni, utandawazi. Kila Ijumaa badala ya mada mpya afanye maswali 20 ya kuchagua kwa dakika 20. Jumamosi asubuhi insha moja nzima kwa saa. Jumapili ni kanisa na mpira, historia asiiguse.

Sasa nikuonyeshe kitu kimoja cha wiki ya pili, kwa sababu kiko jikoni kwako. Siku moja pika ugali wa muhogo, sombe yenye mawese na ndagala, na maharage pembeni. Kabla hajatia mkono sahanini muulize: hapa kipi ni cha kwetu tangu asili? Muhogo umetoka Amerika ya Kusini, na sombe ni majani yake. Maharage haya yametoka Amerika. Ungetumia unga wa mahindi, nao asili yake ni Mexico. Nyanya na pilipili vilevile, na karanga kama umezitia. Wenyeji sahanini humo ni mawese na ndagala tu. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hakuna mtu Afrika aliyewahi kuonja muhogo.

Kwenye kitabu chake jambo hilo lina kurasa kadhaa, na hakika amezipaka njano. Ila kutoka kwenye sahani hiyo anaweza kutembea mwenyewe. Mazao yalivuka kuja huku. Ndui na surua vikavuka kwenda kule. Wenyeji wa Amerika wakafa kwa wingi wa kutisha. Mashamba ya miwa ya Wazungu yakakosa watu wa kufanya kazi, na jibu lao likawa kununua na kukamata Waafrika, takriban milioni 12 na nusu waliopakiwa melini katika karne zote za biashara hiyo. Wakati huohuo mahindi na muhogo vilikuwa vinalisha watu Afrika na China kwenye ardhi ambayo nafaka za zamani zilishindwa. Hiyo ni minyororo mitatu ya sababu na matokeo kutoka sahani moja, na hatakaa aisahau kwa kuwa aliila.

Kuna mali nyingine mliyo nayo ambayo wenzake darasani hawana: lugha. Kiswahili kimehifadhi historia hii kwa tabaka, kama udongo wa mtoni. Bandari na serikali ni maneno yenye asili ya Kiajemi, pesa inatokana na paisa ya Kihindi. Hiyo ni Bahari ya Hindi. Meza, leso, bendera na mvinyo ni Kireno, na gereza linatokana na neno lao la kanisa. Hao walipita pwani yetu kwa mara ya kwanza mwaka 1498 wakiwa na Vasco da Gama. Shule na hela ni za Wajerumani, hela ilikuwa sarafu yao. Faranga mnayoisema ninyi watu wa Kongo imekuja na Wabelgiji. Na fedha, neno moja kwa madini na kwa pesa, inamfaa sana kwenye mada ya nne: fedha iliyochimbwa Potosí, huko Bolivia ya leo, kuanzia 1545, ikavushwa na Wahispania kutoka Acapulco hadi Manila, ikaishia China, ambako kodi zilikuwa zinadaiwa kwa madini hayo. Abandike karatasi ukutani yenye maneno haya na miaka pembeni. Zitamshikia mfuatano wa zama kuliko orodha yoyote ya tarehe.

Wiki ya tatu atakutana na Kongo yenu, na hapa nataka uwe makini. Watoto wengi wa Kikongo wakifika kwa Leopold, yule mfalme wa Ubelgiji, wanaandika kwa hasira, nami siwalaumu, ila msahihishaji hana alama ya hasira. Tuseme swali fupi linauliza: eleza njia moja ambayo mahitaji ya viwanda yalibadilisha kazi za watu katika makoloni kati ya 1850 na 1914. Kijana anaandika: Mfalme Leopold alikuwa katili sana na aliwatesa watu wa Kongo kwa ajili ya mpira. Ni kweli tupu, na hapati kitu, kwa sababu hajaeleza chochote. Asiyejua habari ile akisoma sentensi hiyo bado hajui kiwanda kinahusikaje.

Sasa angalia hii: Baada ya Dunlop kutengeneza tairi la upepo mwaka 1888, viwanda vya Ulaya na Marekani vilihitaji mpira mwingi kuliko zamani. Katika Kongo, ambayo tangu 1885 ilikuwa kama mali binafsi ya Leopold, kampuni zilizopewa maeneo makubwa ziliwalazimisha wanavijiji kuacha mashamba yao na kwenda porini kugema mpira kwa kiwango kilichopangwa, huku wake zao wakishikwa mateka mpaka kiwango kitimie. Sentensi mbili. Ina kiwanda, ina mahali, ina namna, na inaonyesha kazi ya jana, kilimo, ikigeuka kuwa kazi ya leo, shuruti. Ukatili uko palepale, tena unauma zaidi, lakini umefungwa kwenye hoja. Mwambie azisome zote mbili kwa sauti na akuambie tofauti.

Kitu cha pili cha kumsogeza toka 2 ni ile insha ya nyaraka saba. Ina alama 7. Moja ni ya hoja kuu, moja ya kueleza mazingira ya zama zile, tatu ni za ushahidi: mbili anazipata akitumia angalau nyaraka nne kutetea hoja yake, na moja akileta jambo la kweli ambalo halimo kwenye nyaraka. Nyingine ni ya kueleza, kwa nyaraka mbili, kwa nini mwandishi kasema alivyosema. Ya mwisho ni ya hoja yenye kina. Hiyo asihangaike nayo sasa.

Hoja kuu afundishwe umbo moja na alitumie hadi lichakae: ingawa hivi, kwa kiasi kikubwa hivi, kwa sababu hii na hii. Ingawa wafalme kadhaa wa Afrika walitajirika mwanzoni, biashara ya Atlantiki ilizidhoofisha dola zao kwa sababu iliwaondoa vijana wa kazi na iliwapa wafanyabiashara wa kigeni nguvu za kuwapita wafalme. Basi. Afanye kumi za namna hiyo, za maswali tofauti, hata bila kuandika insha zenyewe. Ni dakika tano kila moja.

Ile ya "kwa nini kasema alivyosema" ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo nitaikalia. Chukua barua ya mwaka 1526 ya Afonso wa Kwanza, mfalme wa Kongo ya zamani, ile iliyokuwa upande wa Atlantiki, mbali sana na Uvira. Anamwandikia João wa Tatu, mfalme wa Ureno. Analalamika kwamba wafanyabiashara wa Kireno wanakamata watu wake kila siku, hata watoto wa mabwana na ndugu zake mwenyewe. Anasema kutoka Ureno anahitaji mapadri na walimu wachache tu, na bidhaa asiletewe ila mvinyo na unga kwa ajili ya sakramenti.

Mtoto wa kawaida ataandika: barua hii inaonyesha biashara ya watumwa ilikuwa na madhara. Sawa, huo ni ushahidi. Alama ya ziada inakuja akijiuliza huyu mtu anaongea na nani na anataka nini. Afonso ni Mkristo, anamwandikia Mkristo mwenzake, na dini ndiyo kamba pekee aliyo nayo ya kumvuta mfalme aliye ng'ambo ya bahari. Ndiyo maana sakramenti zimetajwa. Tena ufalme wake wenyewe ulishashiriki kuuza mateka kabla ya hapo. Kinachomchoma zaidi ni biashara kumponyoka mkononi mpaka kufika kwa watu wa nyumba yake. Akiandika hayo kwa sentensi mbili, alama ni yake. Na wewe, dada, unaijua kazi hii. Uliishi kambini miaka tisa. Umesikia watu wangapi wakimwandikia mkubwa barua ya kuomba, na unajua kinachoandikwa na kinachoachwa. Mweleze hivyohivyo.

Wiki ya nne nitaipita haraka, kwa sababu hapo kijana ana mtaji. Kwenye mada ya nane, Julius Nyerere ametajwa rasmi na wenye mtihani kama mfano wa serikali zilizochukua usukani wa uchumi baada ya uhuru, pamoja na Nasser wa Misri na Indira Gandhi wa India. Mtoto aliyekulia Kigoma ataeleza Azimio la Arusha la 1967 na vijiji vya ujamaa kwa namna ambayo msahihishaji hajaizoea. Alitumie hilo kama ushahidi wa nje kila linapoingia kihalali. Lisipoingia asilisukumize.

Wiki ya tano hakuna mada mpya. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni insha, Jumanne na Alhamisi majibu mafupi. Jumamosi ya wiki hiyo afanye mtihani mzima, saa tatu na robo, mlango umefungwa, wadogo zake wapelekwe kwa jirani. Wiki ya sita anafungua lile daftari la sentensi za makosa na kusoma hilo tu. Ataona makosa yake hayazidi manne au matano yanayojirudia: hajataja mahali, hajasema kwa sababu, amejibu kipengele kimoja kati ya vitatu. Hayo ndiyo ya kurekebisha. Siku mbili za mwisho asisome zaidi ya nusu saa.

Siku ya mtihani ale kitu anachokizoea, na kompyuta iwe imechajiwa tangu jana yake, na Bluebook, programu ya kufanyia mtihani, imefunguliwa ikaonekana inafanya kazi. Maswali ya kuchagua hayana adhabu ya kukosea, kwa hiyo asiache hata moja wazi. Swali fupi lina vipengele vitatu na kila kimoja kina alama yake. Akikwama cha kwanza aende cha pili. Dakika 15 za kusoma nyaraka azitumie zote, hata akiona wenzake wameanza kuchapa.

Utaniuliza atapata ngapi. Kutoka 2 kwenda 3 kwa wiki sita za namna hii nimeona mara nyingi, kwenda 4 nimeona kwa wale waliofanya karatasi tupu bila kuruka siku. 5 sikuahidi. Akipata 3 au zaidi, vyuo vingi vitaihesabu na kumpunguzia somo moja la kulipia, na wewe unajua somo moja la chuo huku ni mishahara mingapi ya ghalani. Ada ya mtihani wenyewe nayo, kama bado hamjailipa, muulize mshauri wa shule kuhusu punguzo la familia zenye kipato kidogo. Lipo, na wengi hawaulizi.

Leo jioni, kabla hujaenda kazini, mwanzishe na hili. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akakuta mji mzuri wenye sultani, na dhahabu ikipita hapo kutoka Sofala, kusini huko Msumbiji ya leo. Majahazi ya Waarabu yalifika pwani ile na upepo wa kaskazi, unaovuma Desemba mpaka Machi. Muulize: mbona hayakugeuza wiki ileile yakarudi kwao? Na wale mabaharia, miezi yote hiyo ya kungoja, walilala wapi, walikula kwa nani, walioa kwa nani? Usimpe jibu, hata akinuna. Akishindwa kabisa, mwambie asikilize ni lugha gani anayonuna nayo.